Mwandikie aliyekwama

Mwanangu Rashid,

Baba yako ameniambia umepata kazi ya kuandika makala kwa kampuni inayouza zana za watengeneza programu, na kwamba tayari umekabidhiwa orodha ndefu ya maneno yanayotafutwa sana Google, kila neno na makala yake. Nimefurahi mno. Ila hiyo orodha ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Orodha hukuonyesha watu wameandika nini, haikuonyeshi wamekwama wapi. Mchukue kijana anayeunganisha duka lake la mtandaoni na Lipa na M-Pesa kupitia Daraja, mfumo ambao Safaricom iliwafungulia watengeneza programu mwaka 2017. Usiku wa manane anajibiwa kwamba anwani ya kupokelea taarifa za malipo si halali. Huyo hatafuti "njia bora za kupokea malipo". Ananakili ujumbe ule wa kosa neno kwa neno na kuubandika Google. Mwandishi anayemjali atamwambia kwenye aya ya kwanza: huenda umeweka anwani ya kompyuta yako mwenyewe, ambayo Safaricom haiwezi kuifikia, weka iliyo wazi kwenye intaneti, yenye https. Baada ya hapo ndipo amweleze kuwa zana ya kampuni yake inaweza kumpatia anwani ya namna hiyo kwa majaribio. Na pale ambapo bidhaa yenu haina msaada wowote, usiitaje kabisa.

Bosi wako akiuliza nani amewahi kufaulu hivyo, mtajie DigitalOcean, kampuni iliyoanzia New York. Wanakodisha seva, na waliingia sokoni Amazon ikiwa imeshatawala. Wakaandika maelekezo: namna ya kuweka programu ya seva ya Nginx kwenye mfumo endeshi wa Ubuntu 14.04, kisha 16.04, kisha 18.04, kila toleo na makala yake, kwa sababu amri inayokubali kwenye toleo moja huweza kugoma kwenye jingine. Fungua moja uisome taratibu. Mwanzoni kabisa unaambiwa uwe na nini kabla hujaanza. Chini ya amri unaonyeshwa matokeo yanayotakiwa kutokea kwenye skrini. Kile unachopaswa kubadilisha, kama jina la tovuti yako, kimepakwa rangi. Tena mengi ya maelekezo hayo yanafanya kazi hata kwenye seva ya mshindani wao! Waandishi wa nje walilipwa, na mchango ukaenda pia kwa shirika la hisani. Machi 2021 kampuni iliingia Soko la Hisa la New York. Bei nafuu iliwasaidia pia, lakini wengi waliwafahamu kupitia makala zile kabla hawajawalipa hata senti.

Utasukumwa uandike nyingi upesi, maana akili mnemba sasa inatoa kurasa chungu nzima kabla chai haijapoa. Kataa kwa adabu. Google ilianza kuzishusha kurasa hafifu za kurundikwa mwaka 2011, na tangu 2024 yenyewe huweka muhtasari wa jibu juu ya matokeo. Swali jepesi halikuletei msomaji kama zamani. Anayekuja ni mwenye tatizo gumu, na huyo anataka mtu aliyekaa akalijaribu. Kwa hiyo endesha kila amri kwenye kompyuta safi, na toleo jipya likitoka, rudi kwenye makala ya zamani uikarabati. Wakikuonyesha idadi ya wasomaji, uliza wangapi kati yao walifungua akaunti wakaifanya zana ikafanya kazi.

Nitumie rasimu yako ya kwanza kabla haijafika kwa mhariri. Nitaifuata hatua kwa hatua, na nikikwama nitakutajia mstari wenyewe.

Shangazi yako,
Mwanaisha