Ua la Usambara Mtaani Al-Dirah

Nikirudi kutoka zamu ya usiku, hupenda kukatiza uwanja wa ngome ya Al-Masmak kabla jua halijaanza kuuma. Kuta zake za udongo ni nene, na saa hizo ukizigusa bado zina ubaridi. Ndiyo ngome aliyoiteka Abdulaziz Ibn Saud mwaka 1902, na mlangoni wageni bado huonyeshwa ncha ya mkuki iliyonasa kwenye mbao. Karibu yake kuna Souq al-Zal, soko la mazulia, majoho na udi. Huu ndio mtaa wangu, Al-Dirah, moyo wa Riyadh ya zamani.

Riyadh maana yake ni bustani. Mgeni akifika mwezi wa saba, joto limepita nyuzi 43 na midomo inapasuka kwa ukavu, atadhani aliyelitoa jina hilo alikuwa akitania. Lakini zamani mji huu ulizungukwa na visima na mashamba ya mitende. Siku hizi wengi wetu bustani yetu ni chungu kimoja dirishani.

Changu niliachiwa. Muuguzi mwenzangu wa Mombasa, ambaye mimi humwita Dada, aliitwa nyumbani ghafla mwezi wa sita kumuuguza mama yake. Akanikabidhi ua lenye majani ya manyoya laini na maua ya zambarau. "Nitunzie, mdogo wangu. Nikirudi nilikute."

Nililitambua mara moja, maana mimi ni mtu wa Muheza. Duniani kote ua hili linauzwa kama urujuani wa Afrika, na wengi hawajui kwamba kwao ni misitu ya Tanga. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wilayani Tanga, alipeleka mbegu zake Ujerumani, na mwaka uliofuata wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa jina lake. Kule kwetu Usambara huota kwenye miamba yenye kuvumwani, kivulini, ambako maji hupita lakini hayatuami. Ningelikumbuka hilo mapema, nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Mwezi wa saba majani yakaanza kulegea. Nikasema, ni kiu, nani asiyeona kiu Riyadh? Nikamwagia. Kesho yake yamelegea zaidi, nikaongeza. Baada ya wiki mbili majani ya chini yalikuwa laini kama mchicha uliochemshwa. Dada alipopiga simu ya video akauliza, "Na ua langu?" nikageuza simu upande wa ukutani nikamwambia halijambo. Mama yake alikuwa hali mbaya. Sikutaka kumwongezea.

Usiku ule kazini nilimpokea mzee mwenye ugonjwa wa moyo, miguu imevimba, anahema. Mtu kama huyo hakimbiliwi na dripu, kwani maji yenyewe ndiyo yanayomzamisha. Nikasimama pale nikaliwaza ua langu. Nilikuwa nimetibu bila kupima.

Asubuhi nikalipima kama mgonjwa. Nilichomeka kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili: ni tope. Nikanusa: uvundo. Nikalitoa chunguni taratibu. Mizizi yenye afya huwa myeupe na migumu kidogo, lakini hii ilikuwa ya kahawia na ilikatika nilipoigusa. Mmea ulikuwa unalegea kwa kukosa maji, ndiyo, kwa sababu mizizi iliyooza haiwezi kuyanyonya hata ikiwa imelala ndani yake. Chanzo kilikuwa chungu cha nje cha kauri, kizuri sana, kisicho na tundu. Kila nilichomwaga kilikaa humohumo. Isitoshe, kiyoyozi kilikuwa kikilipuliza moja kwa moja, na ukingoni mwa chungu kulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi.

Nilibonyeza kitovu cha mmea, kikabonyea. Hapo mizizi haiokoleki tena. Ila ua hili lina rehema moja: jani moja zima linaweza kuzaa mmea mpya. Nilichagua majani matatu yaliyokuwa bado magumu. Nikakata kwa wembe uliosafishwa kwa spiriti, nikaacha kikonyo cha sentimita tatu kilichokatwa mshazari. Nikayachomeka kwenye vikombe vya plastiki vilivyotobolewa chini, vyenye udongo mwepesi, unyevu tu, si maji. Juu nikafunika mfuko mwangavu ili hewa kavu isiyakaushe. Nikayaweka dirisha la mashariki nyuma ya pazia jepesi, mbali na kiyoyozi. Kumwagilia ni kutokea chini: kikombe kikae nusu saa kwenye maji ya vuguvugu, kisha kichuruzike. Maji baridi yakiangukia majani huyaachia madoa.

Mizizi huchukua karibu mwezi mmoja, na majani machanga huweza kuchukua miezi miwili au mitatu. Katikati ya kungoja huko, mama yake Dada alifariki, na Dada akanijulisha kwamba harudi tena. Atabaki na baba. Nilimpa pole. Kisha nikamwambia ukweli wote, hata ule wa kugeuza simu.

Alinyamaza, akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu msiba. "Kwa hiyo ulilizamisha kwa mapenzi."

Jani moja lilioza. Mawili yalichipua mwezi wa kumi, vijani vidogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Nilimpelekea picha. Akajibu: "Moja liwe lako, lengine niwekee."

Yapo mawili dirishani. Kila asubuhi, kabla ya kushika maji, nachomeka kidole kwanza.