Niliwaambia Najiskia Mwepesi, Kumbe Kifua Kinaungua

Wasee wangu, leo sina mapishi wala klipu ya kuchekesha. Leo nalipa deni.

Mnakumbuka ile safari yangu ya siku 30 bila nyama, samaki, mayai wala maziwa? Siku ya 19 niliposti video nikiwa nimekaa nje ya nyumba ya dani hapa Awendo, jua la asubuhi limenipiga vizuri, nikasema, "Najiskia mwepesi kama unyoya." Ukweli ni kwamba usiku huo sikulala. Kuanzia saa saba nilikuwa nimeketi kitandani, mgongo ukutani, nikisikia matrekta ya miwa yakipita, na kitu kama moto kinapanda kutoka chini ya kifua hadi kooni. Kama umekulia huku, unajua shamba la miwa linavyonguruma likichomwa kabla ya kuvunwa. Basi shamba lilikuwa ndani yangu. Mdomoni nina uchachu wa mtu aliyetapika, na sijatapika.

Asubuhi nikanawa uso, nikawasha simu, nikatabasamu.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ni baya zaidi. Jioni hiyo hiyo msichana mmoja wa form four aliniandikia: "Nilianza kwa sababu yako. Sasa kifua kinaniwaka kila usiku na mathe anasema niache. Nifanye nini?" Nikamjibu mstari mmoja tu: "Vumilia, hizo ni sumu zinatoka mwilini." Nilikuwa nimeisoma mahali. Sikujua kama ni kweli. Nilijua tu inasikika vizuri.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Neno vegani si la zamani. Lilitungwa Uingereza mwaka 1944, na Donald Watson na wenzake, watu waliotaka jina la mtu anayeacha si nyama pekee bali pia maziwa na mayai. Kuacha nyama si jambo geni huku kama mnavyofikiri. Waadventista walifika Gendia, pale Kendu Bay, mwaka 1906, na kanisa lao limehimiza ulaji wa mimea kwa miaka mingi. Ukikutana na mzee wa Homa Bay asiyegusa nyama, usishangae. Lakini kuacha maziwa? Hapo ndipo nilipokosana na dani.

Watu wa mbali hudhani kwetu ni samaki tu. Jikoni kwa dani mboga zina heshima yake: osuga, dek, apoth. Na mboga chungu hazipikwi kwa maji peke yake. Zinachemshwa, zinatiwa maziwa, zinalala, kesho zinapashwa na kuongezwa mengine mpaka ule uchungu unaisha. Siku ya kwanza nilimwambia, "Dani, hiyo siwezi kula, iko na maziwa." Alinyamaza. Akafunika sufuria polepole, akauliza, "Nyakwara, kuna mahali nimekukosea?" Nikacheka, nikaingia chumbani kurekodi. Sikumjibu.

Basi nikaanza kujitafutia chakula mwenyewe. Sikilizeni menyu yangu. Asubuhi, uji wa wimbi. Kwa vile hauna maziwa, naukamulia ndimu mbili. Chai ya rangi vikombe vitatu. Mchana, chapati mbili zinazong'aa mafuta, na maharagwe yaliyoogelea kwenye nyanya. Jioni nahariri video mpaka saa nne usiku, halafu ndiyo natoka barabarani kununua chips. Naziogesha tomato sosi na pilipili, nashushia soda baridi. Saa tano niko kitandani, nimelala chali, simu iko usoni.

Manze, kwa sheria za vegani nilikuwa msafi kabisa. Hakuna kuku aliyeumia. Lakini jina hilo linasema tu kile ulichotoa kwenye sahani. Halisemi umeweka nini badala yake. Mimi nilitoa omena za dani nikaweka mafuta ya kukaangia.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani akasema, "Wewe una alsa." Rafiki akasema ninywe maziwa. Mimi nikawa mteja wa kudumu wa zile tembe za kutafuna. Siku ya 22 nikachoka, nikaenda kliniki.

Daktari hakushtuka kusikia sili nyama. Aliuliza mambo matatu: jana ulikula nini, saa ngapi, na ukalala saa ngapi. Nilipomaliza kumwelezea akaweka kalamu chini, akacheka. Akanichorea kwenye karatasi. Chakula kinashuka kwa umio, yaani ule mrija wa kutoka kooni, hadi tumboni. Pale wanapokutana kuna msuli wa mviringo unaofunguka kupitisha chakula kisha unajifunga, kama kamba ya mdomo wa gunia. Ukilegea, au tumbo likijaa likausukuma, asidi inapanda. Tumbo lina utando wa kulikinga na asidi hiyo. Umio hauna kinga kama hiyo, ndiyo maana unaungua.

Halafu akaanza kuhesabu dhambi zangu. Mafuta mengi hukawisha chakula tumboni na kuulegeza huo msuli. Mlo mkubwa na gesi ya soda hulitanua tumbo. Nyanya, ndimu na pilipili hulichokoza koo ambalo tayari limechubuka. Maharagwe mengi kwa ghafla, kwa tumbo ambalo halijazoea, huleta gesi nyingine. Na ukilala chali baada tu ya kula, asidi haina mlima wa kupanda tena, inateleza tu.

Kuhusu alsa, akaniambia hicho ni kitu kingine. Vidonda vya tumbo vingi huletwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, au na kumeza dawa za maumivu ovyo ovyo. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hao makusudi ili kuthibitisha wanaumiza tumbo, na kweli akaugua. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobeli. Siku hizi unapimwa kwa choo au pumzi, hakuna haja ya ushujaa. Mimi nilipimwa, sikuwa nao. Nilikuwa na kiungulia cha tabia zangu. Nikapewa dawa ya wiki mbili, ya kumeza nusu saa kabla ya kifungua kinywa, na nikaonywa nisiigeuze kuwa chakula cha kila siku bila kurudi kuonwa. Akaniuliza pia napata wapi vitamini B12, kwa sababu mimea haitoshi kunipa hiyo. Sikuwa hata nimewahi kuifikiria.

Nikatoka pale nikafungua simu kumtafuta yule msichana. Siku tatu zilikuwa zimepita na hakuwa ameandika tena. Nikamwambia nilikosea, hakuna sumu inayotoka kwa njia hiyo, ni asidi, na aonwe na daktari. Akajibu usiku. Alikuwa ameacha kula chakula cha jioni kabisa. Alidhani akikaa njaa, sumu zitaisha haraka.

Niliomba kuongea na mama yake. Alipokea simu, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Wewe bado ni mtoto kama huyu wangu. Lakini wewe anakusikia kuliko mimi." Hakunitusi. Afadhali angenitusi.

Jioni ile nilienda jikoni nikakaa kwa kile kistuli kidogo. Nikauliza, "Dani, osuga inaweza kupikwa bila maziwa?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Miaka ile ng'ombe wetu hakuwa na maziwa, unadhani tulikula nini?" Akatoa njugu karanga, akakaanga, akasaga, akakoroga kijiko kikubwa kimoja kwenye mboga. Kando yake ugali wa mtama. Tulikula saa kumi na mbili na nusu, mapema kama kuku. Kumbe chakula nilichokuwa nakitafuta mtandaoni kilikuwa hatua kumi kutoka kitandani kwangu, na aliyekijua nilimfungia mlango.

Mengine niliyobadilisha ni haya. Nala kidogo kidogo, na baada ya mlo wa mwisho nakaa masaa matatu kabla ya kulala. Miguu ya kitanda upande wa kichwa nimeiwekea matofali, kwa sababu kurundika mito kunakunja tumbo tu. Nalalia ubavu wa kushoto. Maharagwe ya nyoyo tunayaloweka usiku, maji yake tunamwaga. Soda nimeacha. Chips bado nazipenda, lakini mchana, na si kila siku. Usiku wa siku ya 25 nililala mpaka jogoo akawika.

Kuna kiungulia ambacho si cha kubahatisha na matofali. Chakula kikikwama ukimeza, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, au ukikonda bila sababu, nenda hospitali. Kifua kikibana na maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, nenda saa hiyo hiyo. Usiniandikie mimi kwanza.

Mtaniuliza kama bado ni vegani. Siku ya 31 dani alipika osuga na maziwa, akaniwekea bila kuuliza. Nikala, na sikurekodi. Siku nyingi nala mimea tupu na iko poa, lakini jina lenyewe nimeliweka chini kwanza. Ile video ya siku ya 19 sijaifuta. Nimebandika haya maneno chini yake, ili anayeitazama ajue usiku wake ulikuwaje.

Msichana wangu wa form four alionwa, na anakula jioni. Hali mimea tupu tena, na sijamuuliza kwa nini. Na wewe unayesoma hii saa saba usiku umeketi mgongo ukutani, niambie ulikula nini, na saa ngapi. Sitakuambia ni sumu.