Karani Asiyesahihisha

Skana niliyo nayo nyumbani ni ya bei ya chini kabisa: kibao chembamba chenye kioo na mfuniko. Unalaza karatasi kifudifudi, unafunika, mwanga unapita taratibu chini yake, na picha inatokea kwenye kompyuta. Haina waya wa umeme wa peke yake. Inapata nguvu kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Kwa mtu wa Kindu hiyo ni sifa kubwa kuliko zote zilizoandikwa kwenye boksi lake. Nikiijaza kompyuta kwa sola mchana, usiku ninaweza kufanya kazi saa mbili bila kumwomba mtu jenereta.

Niliinunua kwa ajili ya barua. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwenye reli ya Kindu–Kongolo, kilomita 355 na siku nyingi za kulala mbali na nyumbani. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1979 alikuwa akimwandikia mke wake, na barua 43 bado zipo. Zimeandikwa kwa Kiswahili chetu, kile ambacho vitabu vinakiita Kingwana, kwenye kurasa zilizochanwa kwenye kaye. Nyingi ni za biki. Nyingine ni za kreyo ya zambarau, ile ya ofisini ambayo ikiloa inageuka wino. Zilikaa miaka yote katika sanduku la bati, lakini mchwa hawazuiwi na bati, nao wameshakula pembe za barua saba.

Kabla ya skana, mwenzetu mmoja alijitolea kunipigia chapa barua tano za mwanzo. Alifanya kazi safi, na usafi huo ndio ulionitia hofu. Kila palipoandikwa *mutoto* palirudi *mtoto*. *Njo* imekuwa *ndiyo*. *Mina tuma*, iliyoachanishwa na babu kana kwamba ni maneno mawili, imekuwa *ninatuma*. Na pale barua inapoanza *Kwa bibi yangu*, yeye aliongeza maelezo chini ya ukurasa kwamba mwandishi anamsalimia mama wa mzazi wake. Wasomaji wa Kindu wanacheka hapa. Kwetu bibi ni mke. Mama yule yule aliyeandikiwa kama mke alifanywa nyanya wa mumewe kwa sababu kamusi iliyotumika ilitoka pwani.

Simlaumu mwenzetu peke yake. Tumelelewa hivyo darasani: mkono ukiona *mu-* mbele ya konsonanti unaipunguza wenyewe, kama mtu anayefuta vumbi mezani bila kufikiri. Lakini kwa mwanaisimu vumbi hilo ndilo data. Skana haijui Kiswahili cha pwani wala cha Maniema, na kwa hiyo ni karani wa kwanza kupita katika nyumba yetu asiyesahihisha.

Kuna watakaoniuliza: kwa nini usipige picha kwa simu? Nilijaribu. Simu inaupinda ukurasa, na mistari ya pembeni inapanda kama reli inayoingia kwenye kona. Halafu programu za simu za kunakili hati zina tabia ya kusafisha: zinaifanya karatasi iwe nyeupe na herufi ziwe nyeusi, na kreyo hafifu ya zambarau inahesabiwa kuwa uchafu. Katika barua moja mstari mzima ulipotea namna hiyo, nao ulikuwa ule wa fedha.

Skana nayo ina masharti yake. Skana hizi nyembamba zinaona vizuri kitu kilichogusa kioo tu. Palipoinuka hata milimita chache panakuwa na ukungu. Karatasi iliyokunjwa mara nne kwa miaka hamsini haikubali kulala. Nimezoea kuziweka barua chini ya kamusi nzito siku mbili kabla, na kamwe sizipigi pasi, kwa sababu unyevu wa pasi ungeiyeyusha ile zambarau. Kwa maandishi ya kawaida nukta 300 kwa inchi zinatosha. Ukurasa wa A4 wa rangi kwa kipimo hicho, bila kubanwa, unachukua karibu megabaiti 26, na kwa nukta 600 unafika megabaiti 104, mara nne. Kurasa zote 97 kwa 300 ni kama gigabaiti mbili na nusu: zinaingia kwenye kadi ndogo ya simu na nafasi inabaki.

Nukta 600 nimezitumia mara chache, na mara moja zimenilipa. Babu anaandika *mutoto* akisema juu ya watoto wake, lakini katika barua za Noeli, anapomtaja Yesu, anaandika *Mtoto*, kama alivyofundishwa misheni. Katika barua ya 17, akizungumzia homa ya mama yangu, neno lilianza na *mt*, kisha *u* ndogo imebanwa katikati kwa mgandamizo mkubwa kuliko herufi za jirani. Macho yangu hayakuiona kwenye karatasi. Kwenye skrini ilionekana wazi: alijua tahajia zote mbili, na kwa mtoto wake mgonjwa alichagua ya nyumbani. Nani angepiga chapa jambo hilo?

Hili si jambo la familia yangu tu. Mwaka 1928 John Whitehead na L. F. Whitehead walichapisha *Manuel de Kingwana* huko Wayika, kando ya Lualaba hii hii. Basi lugha yetu imekuwa na kitabu cha sarufi kwa karibu miaka mia, na bado tunaishughulikia kama makosa ya lugha nyingine. Mwaka 1965 huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha huko, kwa niaba ya waliokuwa maboi wa Wazungu. Johannes Fabian alipoitoa mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango, maandishi yale hayakueleweka vizuri kwa macho peke yake: maneno yaliunganishwa na kukatwa pasipotarajiwa, ikabidi Kalundi ayasome kwa sauti. Mtu angeyanyoosha mapema kwa nia njema, sauti hiyo isingekuwa na mahali pa kutokea. Kwa maoni yangu, mémoire yoyote ya kitivo inayotumia maandishi ya wazee ingepaswa kuweka picha kwanza, unukuzi wa herufi kwa herufi wa pili, na Kiswahili sanifu wa tatu kama mtu anakihitaji. Programu za kutambua herufi ninaziacha kabisa. Zile zilizofunzwa Kiswahili zimefunzwa cha vitabu, na mwandiko wa babu unazitoa jasho hata kabla ya tahajia yake.

Sasa sehemu ambayo hakuna mashine inayoisaidia. Barua ni za mama mzaa mama, naye yupo, ana akili zake zote. Nilipomwonyesha barua yake ya kwanza kwenye skrini, mkono wa mumewe umekuwa mkubwa kama sahani, alinyamaza kwanza. Halafu akauliza: «Hii sasa inaweza kufika wapi?» Nikamjibu ukweli, kwamba inaweza kufika popote. Akaomba sanduku. Kwa siku tatu alizisoma zote, akatoa 12, akazifunga kwa kipande cha kitenge.

Katika hizo 12 kuna barua mbili za mwaka 1972, mwaka ambao watu waliachishwa majina ya Kikristo na sahihi ya babu ikabadilika. Nilikuwa nimeziona kwa haraka. Za kabla na za baada zingenipa ukurasa mzuri wa mémoire. Nilimwomba mara moja, kwa heshima. Alisema: «Ile si ya masomo.» Picha mbili nilizokuwa nimeshazipiga nilizifuta mbele yake, na akataka aone pia lile pipa la takataka la kompyuta likimwagwa.

Kwa hiyo jedwali langu la *mu-* na *m-* lina barua 31, na sura ya pili ya kazi yangu itaeleza idadi hiyo kwa sentensi moja bila kutoa sababu.

Wiki iliyopita jirani yetu, fundi cherehani, alileta daftari la wateja la baba yake. Lina kurasa 60, jalada limetoka, na kwenye ukurasa wa kwanza peke yake nimehesabu tahajia tatu za neno suruali.