Kisanduku cha Mama wa Jirani

Mjukuu wangu, wewe unaipita Shelui kwenye lami, usingizini ndani ya basi, huwezi kuijua harufu yake ya miaka ya tisini. Malori yaliteremka mlima Sekenke breki zikinuka kuungua, madereva wakasimama kula ugali wa mtama na kuku wa kienyeji, na kijiji kizima kikanuka dizeli, vumbi na karanga za kukaanga. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati uliohimiza uzazi wa mpango, na dereva wake Mkwaju tukamjua kama mtu wa barabara yetu. Ila betri zilikuwa ghali, na redio haipigi hodi.

Aliyepiga hodi ni mama mmoja wa jirani, mgawaji wa njia za uzazi wa mpango, mwenye uso mpana na kovu dogo juu ya nyusi. Alitoka alfajiri na kisanduku chenye kufuli: vidonge vya majira, kondomu, daftari. Aliyetaka sindano alimwandikia karatasi aende kwenye kituo chenye nyota ya kijani, alama ya uzazi wa mpango. Vidonge vilikuwa bure, lakini nauli ya kwenda na kurudi hospitalini Kiomboi ilikula bei ya jogoo, na ruhusa ya kumuuza jogoo ilikuwa ya mume. Wanaume walivumisha kwamba vidonge hugeuka donge tumboni, kwamba mwanamke atakuwa tasa, na ng'ombe watachungwa na nani? Hakubishana nao. Aliketi kwenye kigoda akachambua mlenda pamoja na mwenye nyumba, akauliza mtoto anayenyonya ana miezi mingapi, na damu ya mwisho ilikatika lini. Alikuwa amezaa saba, amezika wawili, na makaburi yao tuliyajua. Mabango ya wizara ya afya hayakuwa na makaburi; ndiyo maana walimsikiliza yeye.

Wakati ule mwanamke wa Tanzania alizaa kwa wastani watoto zaidi ya 6. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta 4.8. Wengine watakutajia sera na marais kuwa ndiyo sababu. Mimi nakutajia huyo mama, ambaye hakupata mshahara hata siku moja, ila kipande cha sabuni, na wakati wa mavuno debe la mtama kutoka kwa waliomshukuru.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, tena wa kulipwa posho. Wewe umeajiriwa halmashauri, mjukuu wangu. Posho ya mhudumu wa Shelui isilale mezani kwako.