Taa inayotoa notisi kabla ya giza

Leo tuache tovuti kidogo. Nataka kuwaeleza programu ndogo kuliko zote nilizowahi kuandika: inaishi ndani ya taa.

Shangazi yangu huuza omena jioni kwa mwanga wa taa ya kuchaji. Taa za bei rahisi huzima ghafla, na ikizima akiwa anahesabu chenji, hasara ni yake. Zingine hunyonya betri mpaka inakufa kabisa.

Basi nikamtengenezea yenye betri moja ya lithiamu na ATtiny85. Hiyo ni mikrokontrola, yaani kompyuta nzima ndani ya chipu ya miguu 8. Ina kilobaiti 8 za programu na baiti 512 za kumbukumbu. Inakubali volti 2.7 hadi 5.5, kwa hivyo betri huilisha moja kwa moja.

Inajuaje hali ya betri? Ndani yake kuna kipimo cha volti 1.1 ambacho hakishuki betri ikishuka. Chipu hugawanya volti za betri mara 1024, kisha huangalia 1.1 imeangukia wapi. Betri ikijaa, volti 4.2, jibu ni 268. Ikifika 3.3, jibu ni 341. Naam, betri ikishuka namba inapanda! (Hiyo 1.1 hutofautiana kidogo chipu kwa chipu, kwa hivyo hakikisha kwanza kwa mita.)

Ikisoma 341, taa hupunguza mwanga hadi robo, na chaji iliyobaki hudumu karibu mara nne. Lakini kuna mtego: mzigo ukipungua, volti za betri hupanda tena. Programu isiyojua hilo ingerudisha mwanga, ipunguze, irudishe, na taa ingepepesa usiku kucha. Kwa hivyo niliandika sharti: ukishapunguza, usirudishe mpaka betri ipite volti 4.0, yaani mpaka ichajiwe. Ikishuka hadi 3.0, taa inazima na chipu inalala. Kazi ya kuchaji nimeiachia saketi yake maalum.

Programu yote haijazi ukurasa mmoja. Sisi waandishi wa programu hupenda kuongeza mambo. Hapa faida yote iko katika ile robo ya mwanga, inayompa mtu muda wa kufunga hesabu na kukusanya vyombo vyake.

Je, wewe nyumbani kwako ni kifaa gani kingefaa kukuonya kabla ya kunyamaza? Niambie.