Nkambo anatembea

Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi, neno "mtalii" halimkai mzee. Tukilisikia tunamwona mzungu mwenye kofia na kamera. Nkambo wangu ana miaka 76, na akipanda gari watu huuliza swali moja tu: "Kuna kilio wapi?" Kwetu wazee hawasafiri, wanapelekwa: kwenye kilio, kwenye ndoa, hospitalini. Nilipomwita mtalii alicheka hadi akakohoa. Neno lake ni "kutembea", nalo lina maana mbili, kwenda kwa miguu na kwenda kuona watu. Maana ya kwanza magoti yake yamekwisha kuikataa. Ya pili angali anaitaka sana.

Mwaka jana, mwezi wa sita, alisema anataka kutembea Likasi. Wajomba wakapendekeza mahali pa kusifika zaidi: maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300. Ni kweli yanapendeza. Lakini njia ile inataka gari la nguvu na mgongo wa kijana, na ukifika unatazama, unapiga picha, basi. Hakuna mtu wa kukuuliza ukoo wako.

Likasi iko kilomita 120 hivi kutoka hapa, njia ya lami, ingawa unaigawana na malori ya shaba. Tuliondoka mapema, yeye akiwa kiti cha mbele. Karibu na Kapolowe tukasimama kwa wauza samaki wa ziwa la Lufira. Alichagua mmoja, akawakataa wanne, akaeleza kila mmoja kwa nini amekataliwa. "Huyu si tomsoni wa barafu, bwana wangu," akaniambia. (Wasomaji wasiotoka Katanga wajue: mjukuu wa kiume ni bwana wa nkambo wake, na hugombezwa kama bwana.)

Mji wenyewe una vilima, kwa hiyo nilipanga siku zetu kwa kufuata miteremko. Hoteli ya kwanza ilikuwa na vyumba vya ghorofani tu, tukageuka. Ya pili ni nyumba ya zamani isiyo na ngazi, maji ya moto yanaletwa kwa ndoo, na asubuhi za kiangazi ndoo ile ni utajiri. Kiti chenye mgongo, kivuli, choo cha karibu, bukari inayofika mezani saa sita kamili: ningeandika kitabu cha kuongoza wageni, ningeanza na hayo, makanisa na migodi vingefuata.

Huko Panda, alikozaliwa, nilisikia jambo ambalo darasani hatujaligusa. Akisema habari za wazazi wake, mji unaitwa Jadotville. Akisema habari zake mwenyewe, unaitwa Likasi. Jina lilibadilishwa mwaka 1966, lakini hafuati kalenda: hata utoto wake wote, miaka ya Wabelgiji, ni wa Likasi. Nilimuuliza sababu. "Ile ilikuwa ya baba, kazi yake. Mimi nilikuwa ninacheza."

Siku ya pili akataka kwenda gare. Nilidhani anataka kuona treni. Tulimpatia kiti, akakaa kama saa nzima bila kusema. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya Wakasai waliofukuzwa makwao walilala pale na mashuleni, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Jirani yake, mama wa mapacha, alikuwa kati yao. Nkambo alikuwa akimpelekea sombe jioni, kwa siri, kwa sababu majirani wengine walikuwa wanahesabu nani anapeleka nini. Jioni moja alikuta nafasi imekaliwa na watu wengine. Alirudi nyumbani na sufuria imejaa.

Hilo nilikuwa sijalisikia hata mara moja, na mama yangu pia. Hakulia. Aliuliza tu kama mlango ulikuwa upande ule tangu zamani, halafu akaniomba nimsaidie kusimama.

Tuliporudi, majirani wa mtaani wakauliza nani amekufa. "Hakuna," akajibu, "nilikuwa ninatembea."

Mwezi wa saba tunajaribu Kipushi, kilomita 30 tu. Nimekwisha kuuliza habari za choo.