Vyakula na vyombo vya kupanda navyo Nyiragongo

Wamama wengi wa chama wametuuliza tulikula nini juu ya volkano, na tulipikaje mahali pasipo maji wala kuni. Tulipanda mwaka 2019, wanawake wanane wa kikundi chetu, tukalala juu usiku mmoja, kesho yake tukashuka. Sisi wa Goma mlima huo tunauona kila siku tukianika nguo, na usiku wa siku zile mawingu yake yalikuwa mekundu. Lakini kuutazama ni jambo moja, kuufikishia sufuria ni jambo lingine.

Njia inaanzia Kibati, kaskazini ya mji, kwenye kituo cha walinzi wa hifadhi ya Virunga. Kutoka pale mpaka kileleni, mita 3,470, ni mwendo wa saa tano hivi, zaidi kwa mwenye magoti mabaya. Kwanza ni msitu, kisha makoro ya mlipuko wa 2002 yanayogeuka chini ya kiatu, na mwisho ni mwinuko mkali ambako miti imekwisha na upepo unapiga. Tuliweka sheria kwamba mzigo wa mtu mmoja usizidi kilo 15. Kwa hiyo siku mbili kabla ya safari tulimwaga kila kitu sakafuni na kuanza kubishana.

Ubishi wa kwanza ulikuwa maji. Juu hakuna chemchemi wala kijito. Mvua ikinyesha, mawe yale yanaimeza. Tulibeba lita nne kwa kila mtu, katika bidoni ndogo, si bidoni moja kubwa, maana kubwa ikipasuka wote mmekwisha. Lita nne ni kilo nne, na hapo bado hujaweka hata kijiko. Maji ndiyo yaliyoamua mengine yote. Bugali tuliuacha nyumbani, jambo ambalo wanaume wetu hawakuliamini: unakula maji mengi, na sufuria yake inataka mengine ya kuoshea.

Ubishi wa pili ulikuwa maharagi. Huku mjini tunajua yanavyomaliza makala. Kule juu ni mbaya zaidi, kwa sababu kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema kabla ya kupata moto wa kutosha. Kileleni yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi, wala si 100. Utaona mapovu, utafurahi, na maharagi yatabaki mawe mpaka asubuhi. Yetu tuliyapika nyumbani usiku wa kuamkia safari, tukayakausha mchuzi, tukayatia katika sufuria yenye kifuniko iliyofungwa kwa kitenge. Yaliliwa jioni ileile, kwa sababu maharagi yaliyopikwa hayangoji siku ya pili. Maji ya kunywa mtu akitaka kuyachemsha huko, ayaache yachemke dakika tatu nzima.

Vingine vilikuwa vitu visivyohitaji moto, au vinavyohitaji kidogo tu. Viazi vilivyochemshwa na maganda yake. Sambaza zilizokaangwa mpaka zikakauka. Karanga, mandazi, ndizi. Unga wa masoso uliokwisha kukaangwa, wa uji wa asubuhi. Na jibini ya Masisi, ambayo kwa maoni yetu ndiyo malkia wa safari: haimwagiki, haiharibiki siku mbili, na inashibisha.

Vyombo vilikuwa vichache: sufuria mbili zinazoingiana, mwiko, kisu kimoja, kikombe na kijiko kwa kila mtu, terimosi mbili, viberiti viwili katika mifuko tofauti ya plastiki. Sahani hatukubeba. Miti ya hifadhi haikatwi, kwa hiyo tulipanda na makala kidogo na mbabula ndogo ya bati. Takataka zote zilishuka nasi, hata maganda ya viazi.

Sasa hapa tunaomba kila mama asome polepole. Usiku kule juu baridi inakaribia barafu, na mwenzetu mmoja alitaka kuingiza mbabula ndani ya kijumba tulale na joto. Tulikataa, tukagombana kidogo. Watu wa Goma tunaogopa mazuku, ile hewa inayokaa mashimoni na kuua mbuzi na watoto. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa nyingine, isiyo na harufu, na inaua vilevile mtu akiwa usingizini. Mbabula ilibaki nje kwenye upepo. Sisi tulilala tumebanana, terimosi za chai katikati.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima ulipasuka. Tarehe 27, kartie 10 kati ya 18 za Goma ziliamriwa kuhama. Katika barabara ya Sake tuliona wamama wamebeba godoro, maharagi mabichi na unga wa muhogo, lakini maji hawana, na sufuria imebaki nyumbani. Chakula kilikuwapo kichwani na watoto walilia njaa, maana kisichopikika njiani hakimsaidii mtoto usiku ule.

Tangu hapo baadhi yetu tuna mfuko mmoja nyuma ya mlango. Ndani yake mna sufuria yenye kifuniko, vikombe, kisu, kiberiti katika plastiki, vidonge vya kusafishia maji, chumvi, masoso, karanga, na kitenge cha kufungia. Bidoni ya lita tano iliyojaa iko pembeni. Masoso na karanga tunavibadilisha kila mwezi. Karanga wakati mwingine mapema zaidi, kwa sababu watoto wamekwisha kujua zilipo.